Hedi kubwa za nini na uko Nairobi?

Kila mtu akisikia nabadilisha silinda hedi (kile kichwa cha juu cha injini chenye vali) na manifoldi ya hewa (ile inagawa hewa ya kabureta kwa silinda) kwa Mustang, swali la kwanza ni itatoa hosipawa ngapi, na siku hizi namjibu na swali, ikiwa wapi? Juu zile hosipawa za kwa katalogi zimepigiwa hesabu kama injini iko karibu na bahari, na sisi tuko karibu mita 1,800 juu. Presha ya hewa hapa ni kama asilimia 82 ya ile ya Mombasa. Injini isiyo na turbo haina ujanja, inavuta ile hewa imeikuta, kwa hivyo nguvu kama asilimia 17 au 18 hivi imeenda hata kabla hujawasha. 302 ya 1968, yaani V8 ya inchi 302 za ujazo, yenye kabureta ya midomo minne Ford waliiandika hosipawa 230, tena kwa ile hesabu ya zamani ya injini iko kwa benchi bila mizigo yake ya kawaida, sasa toa hewa ya Nairobi unabaki na kama 190, alafu toa alteneta, toa eksosi, toa fundi aliyeweka taimingi kwa masikio.

Msee akishajua hivyo wazo linalomjia ni basi niweke hedi kubwa kabisa nirudishe kile kimepotea, na hapo ndio pesa za watu zinaendanga. Hedi kubwa haitengenezi hewa. Inachofanya ni kufungua njia pana, na njia ikiwa pana kuliko hewa inayopita, hewa inapoteza kasi, ikipoteza kasi petroli inajitenga na kubandikana kwa kuta za poti (ile njia ya hewa ndani ya hedi), na silinda haijazwi vizuri kwa mizunguko ya chini. Na sisi tunaendesha wapi kama si mizunguko ya chini? Kutoka Bellevue mpaka Nyayo saa kumi na moja jioni hakuna mtu anapita 2,500. Hata Thika Road usiku ukiwa na gia ya nne injini inazunguka 3,000 tu hivi. Poti ya kuamka 4,000 itakuamsha wewe siku ngapi kwa mwaka?

Gari yenyewe ni Mustang ya 68, 302, na hedi za chuma ilizokuja nazo, vali ya kuingiza inchi 1.78 na ya kutoa 1.45, kabureta ya midomo miwili juu ya manifoldi ya chuma yenye uzito wa mtoto wa darasa la kwanza. Hizo hedi zinabana kweli, sibishi. Poti zake ni ndogo sana hata kwa injini ya lita 4.9 na upande wa kutoa moshi ndio mbaya zaidi. Swali ni kuongeza mpaka wapi.

Watengenezaji wanapima ukubwa wa poti ya kuingiza kwa cc, na kwa injini hizi za Ford za Windsor, ile familia ya hii 302, utakutana na 165, 170, 185, 205. Kwa kampuni za hedi, AFR wako na 165 na 185, Edelbrock Performer RPM ni 170, Trick Flow Twisted Wedge ya kawaida ni 170 pia. Kwa 302 ya barabarani ambayo haipiti 6,000, mimi nasimama kwa 165 au 170 na siongezi. 185 ni ya mtu ameongeza stroki ifike 331 ama 347, ama anazungusha injini sana. 205 kwa 302 hapa mjini ni kujitesa.

Kingine, usidanganywe na zile namba za mtiririko. Muuzaji anapenda kukuonyesha ile ya vali ikiwa imefunguka inchi 0.600, namba inatisha kweli, lakini kamshafti yako, ile shafti inafungua vali, inafungua 0.450. Vali haitafika huko hata siku moja. Angalia safu za 0.200, 0.300 na 0.400, hapo ndio vali inakaa muda mwingi, ikienda ikirudi. Hedi mbili zinaweza kuwa na namba tofauti sana kwa 0.600 na zikawa sawasawa kwa 0.300, na wewe unalipia ile tofauti hutaitumia.

Kitu ambacho naona kinasaidia Nairobi kuliko ukubwa wa poti ni kompresheni, yaani hewa inabanwa mara ngapi, na kompresheni inatoka kwa chemba, lile shimo la hedi ambapo petroli inawakia. Hapa usiamini kitabu, pima. Fundi wangu ako Kariobangi Light Industries na hii kazi tulifanya kwa meza yake: hedi imelazwa juu chini, vali ziko ndani, plagi imefungwa, unapaka grisi nyembamba kuzunguka chemba alafu unabandika kipande cha plastiki ngumu inayoonyesha, kimetobolewa tundu karibu na ukingo. Kisha unachukua sirinji kubwa ya chemisti ile ya mililita 60, unavuta mafuta ya taa yenye ATF kidogo (oili ya giaboksi ya otomatiki) ndio yawe mekundu, unayasukuma polepole ukiwa umeinamisha hedi kidogo ndio kale ka kibofu ka hewa kapande kuelekea tundu. Kakiisha unasoma sirinji. Zetu zilitoka 63 na kitu. Chemba ya mwisho ilikuwa imebeba kaboni ngumu kama ukoko tukaikwangua tukapima tena, ndio ikalingana na wenzake.

Sasa hesabu. Silinda moja ya 302, inchi 4 kwa stroki ya inchi 3, ni cc 618. Ongeza chemba 63, gasketi kama 10, pistoni ikiwa chini kidogo ya ukingo wa bloku 3, na vile vichongo vya vali juu ya pistoni 5, jumla nafasi iliyobaki juu ni 81. Jumlisha 618 na 81 ugawanye kwa 81 unapata 8.6. Ukiweka hedi ya chemba ya 58 na vitu vingine vibaki vile vile, inakuwa 9.1. Nusu pointi inaonekana kidogo kwa karatasi lakini hiyo nusu inafanya kazi kila wakati, hata ukiwa kwa jam, hata ukiondoka tu kwa taa za barabara, si kama hosipawa za 6,500 ambazo utaziona kwa dyno tu.

Kwa nini nisipeleke 10 na hewa ni nyepesi? Hewa nyepesi inasaidia kweli, silinda inajaa kidogo, presha ya mwisho inakuwa chini, injini inachelewa kunok, ule mlio wa petroli kulipuka vibaya ndani ya silinda. Denver kule Marekani iko kama mita 1,600, chini yetu, na huko wanauza hadi petroli ya oktani 85 kwa sababu hiyo hiyo. Ukisoma maoni ya Wamarekani kuhusu kompresheni sikiza wa Denver, wa Los Angeles hali yake si yako. Lakini kumbuka pia oktani zao si oktani zetu. Super yetu ni RON 93, wao wanaandika wastani wa RON na MON (njia mbili za kupima oktani, MON inatoa namba ndogo), kwa hivyo 93 yetu kwa pampu zao ingeandikwa kama 88 ama 89 hivi. Iko karibu na regula yao kuliko premium. Mtu wa Texas akisema injini yake ya 10.5 inakunywa 93 bila shida, usikimbie Ngara kuambia fundi askim hedi, yaani achonge uso wake kupunguza chemba.

Na gari haikai Nairobi. Desemba mtu anataka kuteremka pwani, na kutoka hapa ukipita Mtito Andei ukafika Voi umeshuka zaidi ya mita elfu moja, joto limepanda, na ile hewa yote uliyokuwa umenyimwa inarudi kwa silinda. Injini iliyokuwa inacheka na 10 huko Lang'ata inaanza kulia kama sarafu kwa kopo ukipita lori hapo Maungu. Kwa hivyo kompresheni napigia hesabu ya Mombasa, kabureta napigia ya Nairobi. Na hedi za chuma 9 inatosha, za alumini naweza kufika 9.5 bila kukosa usingizi, juu alumini inatoa joto haraka kwa chemba.

Hiyo inanileta kwa chuma ama alumini. Nimebadilisha mawazo kwa hii. Nilikuwa upande wa chuma, juu chuma inavumilia na haijipindi ovyo, lakini angalia vitu vitatu. Hedi za miaka ya sitini zilitegemea risasi kwa petroli kulinda siti za vali, na hiyo risasi hapa kwetu iliisha mwanzo wa 2006, kwa hivyo za zamani lazima zichimbwe ziwekwe siti ngumu, mirija mipya ya kuongoza vali, na mashini shop ya Industrial Area ikimaliza kukupigia bei ya vali kumi na sita unaanza kuona alumini mpya si mbali sana. Pili, kusafirisha. Ndege inalipisha kilo, na pea ya alumini ni karibu nusu ya uzito wa chuma. Zile mpya zilizokamilika ni zaidi ya dola 1,000 pea na kodi bado, VAT asilimia 16 pamoja na zile nyingine, kwa hivyo kila kilo unapunguza ni faida. Tatu, mafundi wetu wanaijua alumini. Toyota nyingi za hapa mjini ni hedi za alumini, kila siku zinachemka, kila siku zinaskimiwa, kuna watu wanachomelea alumini vizuri sana. Chuma ikipasuka kati ya vali mbili utazunguka Grogan yote ukitafuta mtu ataigusa na roho safi.

Ubaya wa alumini ni uzembe. Ichemke mara moja kwa jam ya Mombasa Road na imejipinda, plagi ukifungua injini ikiwa moto unatoka na nyuzi zake, bolti za hedi bila washa ngumu zinajichimbia. Kama radieta yako bado ni ile ya 1968 anza na hiyo.

Kuna wanaosema tafuta GT40P, zile za chuma za Ford Explorer ya V8 za mwisho wa tisini, vali 1.84 na 1.46, chemba kama 60, na kwa Marekani ni za bei ya kutupa. Ni hedi poa sana. Shida ni plagi zake zimeinama tofauti, eksosi hedas za kawaida (zile bomba za kutoa moshi kwa hedi) zinagusana na waya za plagi, unahitaji hedas za GT40P zenyewe. Na hapa ongeza shida ambayo Mmarekani hakuwahi kufikiria: kama Mustang yako iligeuzwa stelingi ikaja kulia, boksi ya stelingi imekaa upande ule ambao aliyechora hizo hedas alijua uko wazi. Mimi hapo niliachana nazo. Hedi yenye plagi mahali pa kawaida inakubakishia nafasi ya kutengeneza hedas kwa mtu wa eksosi akiwa na gari mbele yake.

Rafiki yangu mmoja yeye aliuziwa manifoldi na msee wa spea kwa mtandao, ikaandikwa Ford V8 Windsor, ikafika, ikakataa kukaa. Ilikuwa ya 351. Bloku ya 351 Windsor ni ndefu, inchi 9.5 kutoka kati ya krenki mpaka juu, na ya 302 ni 8.2, sasa V ikiwa ndefu mdomo wake unapanuka, manifoldi inakuwa pana, hakuna gasketi ya kusaidia hapo. Ya 289 inaingia 302 bila maneno. Hedi za 351W zenyewe zinaweza kukaa kwa 302 lakini bolti zake ni nusu inchi na za 302 ni 7/16, kwa hivyo unatia vikola, na siku hizi sioni maana ya kujisumbua hivyo. Pia ukitoa hedi za zamani zenye roka za reli (roka ni ile mikono inasukuma vali), zile zinajiongoza juu ya ncha ya vali, usizihamishe kwa hedi mpya zenye bamba za kuongoza pushrodi. Chagua mfumo mmoja, na kama ni wa bamba pushrodi lazima ziwe ngumu, la sivyo bamba zinazikata.

Manifoldi sasa. Hapa sina maneno mengi juu kwa barabara jibu ni moja, duali pleni, ile yenye njia mbili tofauti za hewa chini ya kabureta. Kila nusu ya kabureta inalisha silinda nne, na zinavuta kwa zamu bila kuingiliana, kwa hivyo mvuto kwa kabureta unakuwa na nguvu kwa mizunguko ya chini. Singo pleni, ile ya chumba kimoja, ni kama stage moja ambapo makanga wanane wanaita abiria walewale, kukiwa na watu wengi wote wanajaza, kukiwa na wachache kila mtu anaondoka nusu. Edelbrock wenyewe, kampuni ambayo Vic Edelbrock alianza na manifoldi ya Ford flathead mwaka 1938, wanaandika wazi kuhusu manifoldi zao: Performer kutoka injini ikiunguruma bila kukanyagwa mpaka 5,500, Performer RPM 1,500 mpaka 6,500, Victor Junior 3,500 mpaka 8,000. Victor Junior inakaa vizuri kwa picha. Kwa hedi za 170 na kamshafti ya adabu mimi nachukua Performer RPM, na kama kamshafti ni ya kiwandani kabisa Performer ya kawaida itakufurahisha zaidi kuliko unavyofikiria.

Kuhusu kamshafti ya adabu, usipuuze breki. Hewa yetu inapunguza vakyumu pia (ule mvuto wa injini unaosaidia breki), kama inchi moja ya zebaki kwa kila futi elfu, kwa hivyo injini inayosoma 18 Mombasa hapa inasoma kama 12. Sasa weka kamshafti ya kunguruma ambayo ingesoma 12 pwani, hapa unabaki na kama 6, na servo ya breki inakuangalia tu ukiteremka Limuru kuelekea Mai Mahiu. Hiyo sauti ya kunguruma ni tamu lakini ile barabara haina utani.

Wazee wa Safari Rally watakumbuka 1964, Wamarekani walileta timu nzima ya Mercury Comet za V8, familia hii hii ya injini, na mshindi akawa Peter Hughes na Cortina GT ya cc 1,500. Sisemi V8 ni mbaya, niko na moja na inanimaliza pesa, nasema nchi hii imekuwa ikipima magari kwa vigezo vyake tangu zamani.

Kabureta watu wanapenda 750. Piga hesabu: 302 mara 5,500 gawanya kwa 3,456 unapata 480 CFM (futi za ujazo za hewa kwa dakika), na hiyo ni injini ikijaa asilimia mia, ambayo haijai. 600 inabaki na nafasi. Kisha shusha jeti, vile vitundu vya kupitisha petroli kwa kabureta, kanuni ya kawaida ni saizi moja kwa kila futi 2,000, sisi tuko juu ya 5,500, kwa hivyo anza na saizi mbili au tatu chini ya zile zilikuja nayo. Magari mengi ya kabureta hapa mjini yananuka petroli na plagi ni nyeusi kwa sababu hakuna mtu aligusa hizo jeti tangu boksi lifunguliwe. Ukienda kukaa pwani wiki mbili, beba zile kubwa kwa dashibodi.

Kwa kufunga manifoldi, zile gasketi za koki (kama kizibo cha chupa) za mbele na nyuma ya bonde la V tupa, tumia silikoni nene, zile koki zinateleza kando na unavuja oili juu ya belihauzingi. Na kama hedi zimeskimiwa sana kumbuka kwa injini ya V hedi zikishuka zinasogea ndani pia, matundu ya manifoldi hayalingani tena, kwa hivyo manifoldi nayo inataka kuskimiwa kando. Hiyo mashini shop nyingi hazikuambii mpaka bolti ikatae kuingia.

Kwa wale gari ni ya kupeleka Concours pale Ngong Racecourse, ile shoo imekuwepo tangu 1970 na watu huchungulia chini ya bonneti kweli, alumini ya manifoldi inapakwa rangi ya bluu ya Ford ikatulia, na mtu asiyejua hataona kitu mpaka asome maandishi. Ya chuma usiuze, funga kwa gunia weka.

Kitu cha mwisho kabla ya kulipa: Performer RPM ni ndefu kuliko ya kiwandani. Weka vidonge vya plastisini juu ya kichungi cha hewa, funga bonneti polepole, fungua, upime kilichobaki. Unataka angalau nusu inchi juu injini inainuka ikivuta. Ikikosa kuna kichungi chenye msingi ulioshuka ambacho kinakurudishia kama inchi moja, na maunti za injini za zamani zikiwa zimelala badilisha mpya kwanza ndio upime, si kupima alafu ubadilishe, juu zile mpya zinainua injini.